Tule Wapi? Historia ya Mahali pa Kula katika Kakamega

Tule wapi? Swali hili ni fupi, nalo huulizwa kila siku na kila mtu aliye mbali na jiko la kwao. Msafiri huliuliza ashukapo garini. Karani huliuliza saa saba ya mchana. Mwanafunzi huliuliza huku akitazama sarafu zilizobaki katika kiganja chake. Ni swali la tumbo, na watu wengi hudhani kwamba maswali ya tumbo hayastahili nafasi katika vitabu vya historia. Vitabu hivyo hutupa habari za watawala, vita na mikataba, lakini ni nadra kutuambia watawala hao walipikiwa na nani, au waliotia sahihi mikataba hiyo walikaa na nani mezani. Nataka wewe, msomaji, uone katika kurasa hizi kwamba mahali pa kula ni ushahidi wa historia kama ulivyo mnara au ngome. Ukijua nani aliruhusiwa kuketi, nani alisimama nyuma ya kiti, na nani alizuiwa mlangoni, utakuwa umejua mambo mengi ya nchi ile.

Mfano wangu ni mji wa Kakamega, ulio magharibi mwa Kenya, katika barabara itokayo Kisumu kwenda Webuye, karibu na msitu mkubwa uliochukua jina lake. Mji huu unafaa sana kwa somo letu, maana simulizi moja inayopendwa na wenyeji husema kwamba jina lake lenyewe lilizaliwa mezani. Husimuliwa kwamba Wazungu wa kwanza walipopewa ugali hawakujua namna ya kuula. Mwenyeji humega tonge, akalifinyanga kiganjani, akalitia kishimo kwa kidole gumba, kisha akachotea mchuzi. Wageni wale walidonoa vipande vidogo kwa ncha za vidole, kama watu wanaofinya ngozi ya mtoto mtundu. Wenyeji walicheka, na neno lao la kufinya likawa jina la mahali. Simulizi hii ni ya mdomo, haina tarehe wala shahidi, na mwanahistoria mwangalifu hataiapia. Hata hivyo ina fundisho. Watu walipotaka kueleza jinsi walivyokutana na wageni, jambo lililowajia kwanza akilini lilikuwa mkono wa mgeni katika sahani yao.

Tuanze na zamani, kabla fedha haijaingia. Katika nchi ya Waisukha, Waidakho, Wawanga na ndugu zao, ambao leo kwa pamoja huitwa Waluhya, hapakuwa na nyumba ya kuuza chakula kilichopikwa. Wageni walikuwapo, na njaa ya njiani ilikuwapo. Kilichokosekana ni wazo la kwamba chakula kilicho chunguni ni bidhaa. Nafaka, mbuzi, vyungu na majembe viliweza kubadilishwa. Lakini chakula kilichokwisha kuwekwa motoni kilikuwa mali ya nyumba, na nyumba ilikuwa na wajibu wa kumlisha aliyeingia. Obusuma, yaani ugali, ulisongwa kwa unga wa wimbi au mtama. Mahindi, ambayo asili yake ni Amerika, yalikuja kutawala mashamba haya baadaye, hasa katika miongo ya kwanza ya karne ya 20. Kitoweo kilikuwa likhubi, yaani majani ya kunde; au murenda uteleza kooni; au tsisaga zenye uchungu mtamu; au uyoga wa msituni, au njugumawe. Mgeni wa heshima alichinjiwa kuku, ambaye kwa lugha ya huko huitwa ingokho. Methali ya Waswahili isemayo, «Mgeni njoo, mwenyeji apone,» ingaliweza kutungwa katika kijiji chochote cha huko, maana siku ya mgeni ilikuwa siku ya nyumba nzima kula vizuri.

Nyumba nzima, nimesema. Lakini hapa yanipasa kujirudi na kupunguza neno. Usiisifu zamani kupita kiasi, msomaji, wala usiidharau, ipime. Kuku yule aliyempa mgeni heshima alimnyima mwanamke haki. Desturi ya Waluhya ilimkataza mwanamke kula nyama ya kuku. Yeye alimfuga, alimnyonyoa, alimpika, akapeleka sahani kwa wanaume, kisha akarudi jikoni kula mboga. Firigisi, ambayo huitwa imondo, ilikuwa fungu la mwenye nyumba, na mtu aliyeila bila ruhusa alionekana kama mwizi wa heshima. Basi hata katika ukarimu ule uliosifika, meza ilikuwa na mpaka, na mpaka ulipita baina ya mpishi na mlaji. Ukumbuke mpaka huo, kwa sababu tutakutana nao tena katika mavazi mengine.

Mageuzi ya kwanza yaliingia kwa njia ya Mumias, kiasi cha kilometa 30 na kitu magharibi ya Kakamega. Hapo palikuwa na makao ya Nabongo Mumia, mtawala wa Wawanga, na katika karne ya 19 misafara ya Waarabu na Waswahili kutoka pwani ilipumzika hapo. Joseph Thomson, Mskochi, alifika katika nchi hiyo mwaka wa 1883. Askofu James Hannington alipita mwaka wa 1885 akielekea Buganda. Msafara ulikuwa na wapagazi wengi, na kila mpagazi alikuwa na tumbo lake. Hapana nyumba iwezayo kuchinjia kuku watu mia katika siku moja. Kwa hiyo unga, maharagwe, ndizi na mbuzi vilinunuliwa kwa shanga, nguo na nyaya, na wapagazi wakajipikia penye mioto yao. Mgeni wa namna mpya alikuwa amezaliwa: mgeni anayelipia shibe yake.

Watu wa pwani waliobaki Mumias walileta dini ya Kiislamu na lugha ya Kiswahili, na ndani ya lugha hiyo mlikuwa na desturi ya mji. Angalia neno mgahawa, au mkahawa kama wengine wasemavyo. Limetokana na kahawa. Huko Mombasa na Lamu mtu aliweza kununua kikombe cha kahawa, akaketi barazani na kuzungumza na mtu asiye wa ukoo wake, asiye na deni kwake wala hisani. Jambo hili ni dogo kwa macho, bali ni kubwa kwa maana. Katika nyumba ya ukarimu mgeni hula kwa sababu ya utu wake, lakini hubaki na deni la shukrani. Katika mgahawa mgeni hula kwa sababu ya fedha yake, lakini hutoka huru. Kila taratibu ina wema wake na ukali wake: ile ya kwanza humlisha maskini na kumfunga, ya pili humfungua mwenye senti na kumfukuza asiye nayo.

Mwishoni mwa mwaka wa 1901 reli ilifika Kisumu, na njia ya misafara ikapoteza kazi yake. Wafanyabiashara wa Kihindi wakaingia bara na maduka yao, na pamoja nao zikaingia bidhaa zilizobadili kinywa cha nchi: sukari, majani ya chai, unga wa ngano, mafuta ya kupikia. Chapati, ambayo leo hakuna sikukuu ya Kiluhya isiyokuwa nayo, ilikuja kwa mikono hiyo, hata jina lake ni la Kihindi. Mnamo mwaka wa 1920 serikali ya kikoloni ilihamisha makao makuu ya wilaya, iliyoitwa Kavirondo ya Kaskazini, kutoka Mumias kwenda Kakamega. Tangu hapo Kakamega ikawa mji wa maofisi, makarani, askari na wafungwa.

Miji mingi ya Kenya ya wakati ule ilijengwa kwa ramani inayofanana. Mahali pa juu, penye upepo na miti, palikuwa na nyumba za maofisa wa Kizungu, kila moja katika bustani yake. Chini kidogo palikuwa na mtaa wa maduka, ambamo Wahindi walifanya biashara mbele na kuishi nyuma. Mwafrika hakuhesabiwa kuwa mwenyeji wa mji. Alihesabiwa kuwa mtu wa kuja na kurudi: aje kufanya kazi, alipe kodi, apeleke kesi, kisha arudi kijijini. Jina la Milimani, linalotumika katika miji mingi ya nchi yetu hata leo, na Kakamega pia, hutukumbusha mgawanyo huo wa juu na chini.

Sasa nakuuliza, msomaji: kwa nini mitaa ile ya juu haikuwa na hoteli hata moja? Watu wake walikuwa na fedha kupita wengine wote. Jibu ni kwamba hawakuihitaji. Kila nyumba ilikuwa na jiko lake nyuma, mbali na sebule ili moshi usifike, na ndani ya jiko hilo alikuwamo mpishi. Jioni mabwana wale walikwenda katika klabu yao, ambamo walikula na kunywa na wenzao wa rangi yao. Utulivu wa mtaa, basi, haukuanguka kutoka mbinguni kama umande. Ulitengenezwa. Ulitengenezwa kwa sheria zilizowazuia wengine wasikae hapo, na kwa kazi ya watu waliowasha moto alfajiri ili mwingine aamke akute chai mezani.

Mpishi huyu anastahili tumtazame kidogo. Wanaume wengi wa magharibi ya Kenya walifanya kazi ya upishi katika nyumba za Wazungu, kwao na katika miji ya mbali kama Nairobi. Katika boma la baba yake, mwanamume huyo hakukaribia chungu, maana jiko lilikuwa la wanawake. Lakini kodi ya nyumba ilidaiwa kwa fedha, na fedha ilipatikana katika mshahara. Kwa hiyo alifunga aproni. Alijifunza kuoka mkate, kuchoma nyama kwa kipimo cha saa na kupika pudini. Alijua meza ya bwana kuliko bwana mwenyewe, lakini hakuketi hata siku moja. Chakula chake alikula katika chumba cha watumishi. Hapo mpaka ule wa kale, baina ya mpishi na mlaji, ulirudi tena. Safari hii uliwekwa kwa rangi ya ngozi, na mwanamume aliyekuwa mlaji kwao akajikuta upande wa mpishi.

Mwaka wa 1931 dhahabu iligunduliwa katika eneo la Kakamega. Habari zilienea upesi, kwa kuwa dunia nzima ilikuwa katika dhiki ya uchumi, na wakulima wa Kizungu waliofilisika walikimbilia huko kujaribu bahati. Ardhi hiyo ilikuwa ya wenyeji. Sheria ya mwaka wa 1930 iliwaahidi Waafrika kwamba ardhi ya maeneo yao italindwa daima, na kwamba kipande kikichukuliwa, ardhi nyingine itatolewa badala yake. Dhahabu ilipoonekana, ahadi hiyo haikudumu: mnamo Desemba 1932 sheria ilibadilishwa upesi ili ardhi ya madini ichukuliwe bila ya kutoa ardhi badala yake. Wenyeji walilalamika, na hata Uingereza baadhi ya watu waliona aibu. Yapo majina yaliyobaki kama makovu ya wakati ule. Rosterman, palipokuwa na mgodi mkubwa uliofungwa mwaka wa 1952, ni mahali panapojulikana kando ya mji hata leo. Nalo jina la Ikolomani, kusini mwa mji, husemwa kuwa ni maneno ya Kiingereza ya «mgodi wa dhahabu» yaliyotamkwa kwa ulimi wa wenyeji.

Mgodi ulikusanya maelfu ya vibarua. Mwajiri aliwapa posho, yaani unga wa mahindi uliopimwa, na wakati mwingine maharagwe. Posho ilimzuia mtu asife, lakini haikumpa mlo. Mtu aliyeshinda chini ya ardhi na nyundo hutamani mboga, hutamani nyama, hutamani kitu cha moto mkononi mwake. Ndipo wanawake wa vijiji vya jirani walipofanya jambo ambalo mama zao hawakulijua. Walichukua mboga, viazi, kuku na busaa, wakavipeleka penye vibarua, wakaviuza. Ardhi yao ilikuwa imechimbwa mashimo. Basi wao walichimba dhahabu nyingine, iliyokuwa katika mifuko ya wachimbaji. Historia ya dhahabu ya Kakamega huandikwa kwa majina ya kampuni na wakia za madini. Ni haki kukumbuka kwamba sehemu ya utajiri ule ilibaki nchini kwa njia ya mafungu ya mboga na vibuyu vya pombe, nayo ililipia kodi na ada za shule.

Katika miaka hiyo ndipo hoteli ya Kiafrika ilipopata umbo lake katika miji midogo ya Kenya. Kwa Mwingereza, neno hilo humaanisha nyumba ya kulaza wageni. Kiswahili cha bara kililipokea na kulipa kazi nyingine: nyumba ya kula, hata kama haina kitanda kimoja. Ilikuwa nyumba ya mabati au nyasi, yenye mabenchi, meza ndefu, birika kubwa la chai iliyochemshwa pamoja na maziwa na sukari, na karai la mafuta lenye mandazi. Mashamba makubwa ya chai yalikuwa yameanza Kericho katika miaka ya 1920, na kikombe cha chai kikawa alama ya mtu wa mjini. Katika benchi moja waliketi Mluhya na Mjaluo, karani na mwendesha baiskeli, na hapana aliyemwuliza mwenzake ukoo wake kabla ya kumsogezea sukari. Magazeti ya Kiswahili, kama vile Baraza lililoanza mwaka wa 1939, yaliwapa watu wa namna hiyo mambo ya kujadiliana. Mtu aliyekula peke yake kijijini aliitwa mchoyo; katika hoteli alikula peke yake kati ya watu wengi, bila ya lawama. Huu ulikuwa uhuru mpya, mdogo kama kikombe, lakini ulikuwa uhuru.

Uhuru huo uliishia mlangoni pa nyumba ya wengine. Katika Kenya ya wakati ule Mwafrika aliweza kuwa mwalimu, askari aliyepigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia, au mjumbe wa baraza, naye asiweze kununua kikombe cha chai katika hoteli ya Wazungu. Ubaguzi huu haukuwa wa Kenya pekee. Mnamo Oktoba 1957 Waziri wa Fedha wa Ghana, Komla Agbeli Gbedemah, alikuwa safarini Marekani. Katika mkahawa mmoja wa mji wa Dover, jimbo la Delaware, alinunua maji ya machungwa, akaambiwa kwamba hawezi kuyanywa ndani kwa sababu ya rangi yake. Habari zilipoenea, Rais Eisenhower alimwalika kifungua kinywa katika Ikulu ya Marekani. Tarehe 1 Februari 1960 wanafunzi wanne weusi wa mji wa Greensboro, North Carolina, waliketi katika meza ya chakula ya duka la Woolworth iliyotengwa kwa weupe, wakaomba kahawa. Hawakupewa, wala hawakuondoka hadi duka lilipofungwa. Kesho yake walirudi wakiwa wengi zaidi, na kabla mwaka ule haujakwisha vijana katika miji mingi walikuwa wamefanya kama wao. Hawakukosa kahawa nyumbani kwao. Walitaka kiti, maana waliona kwamba mtu anayenyimwa kiti mahali pa kula amenyimwa uraia.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, na Kakamega ikawa makao makuu ya Jimbo la Magharibi. Nyumba za maofisa zikakaliwa na maofisa Waafrika, na klabu zikafungua milango. Kando ya uwanja wa gofu, ambao zamani ulikuwa starehe ya wachache, palijengwa Golf Hotel, na mtoto wa mpishi aliweza kuingia akahudumiwa. Hii ilikuwa haki, nasi tusiichukulie kuwa jambo la kawaida. Lakini kizuizi cha rangi kilipovunjwa, kizuizi cha bei kilisimama mahali pake. Mlinzi wa mlango hakuuliza tena wewe ni wa taifa gani. Orodha ya vyakula iliuliza una shilingi ngapi. Wengi walilijibu swali hilo kwa kurudi katika hoteli za mtaa wa soko, penye benchi na birika.

Tufike sasa katika mitaa mitulivu ya leo. Mji umepanuka. Pamoja na Milimani na Amalemba ipo mitaa mipya zaidi, kama Lurambi na Kefinco, ambao jina lake latokana na mradi wa maji wa Kenya na Finland wa miaka ya 1980. Mwaka wa 2007 Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilipata hadhi kamili ya chuo kikuu, na wanafunzi kwa maelfu wakahitaji vyumba na chakula. Tangu mwaka wa 2013 mji umekuwa makao ya serikali ya kaunti. Kwa hiyo mitaa iliyokuwa ya kulala tu imeanza kuwa na mahali pa kula: kibanda cha mbao penye kona, chapati na maharagwe ambayo watu wa huko huyaita madondo, ugali na omena wa kutoka Ziwa Viktoria, chai ya asubuhi kwa fundi na mwanafunzi. Zipo pia nyumba za zamani zilizogeuzwa kuwa mikahawa, zenye viti chini ya miti, ambamo jamaa huenda Jumapili baada ya kanisa.

Mabadiliko haya yameleta ugomvi wenye maana. Mwenye nyumba katika mtaa mtulivu hulalamika: moshi unaingia dirishani, vijana wanapiga kelele, takataka zinatupwa katika mtaro. Malalamiko yake ni ya kweli, maana alinunua utulivu kwa jasho lake. Mama wa kibanda naye hujibu: wafanyakazi wa nyumba zenu wale wapi? Mlinzi wenu, mfua nguo wenu, mwashi anayejenga ukuta wenu, watembee mwendo gani kupata sahani ya ugali? Nalo jibu lake ni la kweli. Serikali ya kaunti huwa kati yao, na hutaka leseni, maji safi, choo, na cheti cha afya kwa kila ashikaye chakula cha watu. Masharti hayo ni ya haki yakitumiwa kulinda matumbo. Lakini msomaji wa historia atauliza swali moja zaidi kila mara: utulivu huu ni wa nani, na nani anaulipia? Mtaa uliojifunza utulivu wake katika siku za ukoloni unaweza kurithi bustani bila ya kurithi dharau. Unaweza kumtafutia mama wa kibanda pembe yake, bomba lake na pipa lake la taka, badala ya kumfukuza ili mtaa upendeze.

Mambo mawili yananipa matumaini katika habari hii. La kwanza ni mboga. Kwa miaka mingi murenda, tsisaga na likhubi vilionwa kuwa chakula cha shamba, na hoteli yenye kujiheshimu iliona aibu kuvipika, ilipika kabeji. Baadaye wataalamu walianza kuzichunguza mboga hizo. Mmoja wao ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, aliyefanya kazi kubwa kuonyesha thamani ya mboga za kienyeji kwa afya na kwa mkulima. Leo mboga hizo huletwa mezani katika hoteli kubwa na ndogo, na mlaji huziagiza kwa majina yake bila ya kuinamisha uso.

La pili ni kuku. Mwanamke wa Kakamega leo humfuga kuku, humpika, humwuza, humnunua na humla. Yule aliyerudi jikoni kula mboga sasa huenda ndiye mwenye hoteli, anayekaa penye sanduku la fedha na kuamua nani apewe paja. Hakuna vita vilivyopiganwa kwa ajili ya jambo hili, wala hakuna siku ya taifa ya kuliadhimisha. Lilitokea nyumba kwa nyumba: kwa mahubiri, kwa shule, kwa mshahara, na kwa binti aliyenyosha mkono katika sahani na mama asiyemkemea. Mpaka baina ya mpishi na mlaji, ambao ukoo uliuweka kwa jinsia na ukoloni ukauweka kwa rangi, umesogezwa kwa mikono ya wapishi wenyewe.

Basi, ikiwa siku moja utafika Kakamega na njaa ikakukuta katika mtaa mtulivu, usikimbilie kurudi katikati ya mji. Mwulize fundi wa baiskeli au mshonaji wa kona mahali alapo yeye, maana mtu wa kazi hajui kudanganywa na rangi ya ukuta. Tazama kama pana maji ya kunawa. Tazama kama sufuria zimefunikwa. Agiza obusuma na ingokho kama mfuko wako unaruhusu. Kama hauruhusu, agiza likhubi, wala hutajuta. Kisha tazama jambo ambalo walaji wengi hawalitazami: kama aliyepika naye hupata nafasi ya kuketi na kula chakula kilekile alichowapikia wengine. Hicho ndicho kipimo cha mahali pa kula, na kwa kweli ni kipimo cha nchi pia.

Nawe una kazi ya kufanya katika mtaa wako mwenyewe, uwe Kakamega au kwingineko. Mtafute mama au mzee aliyekuwa wa kwanza kuuza chai au chakula mahali pale. Mwamkie kwa heshima, nunua kikombe, kisha umwulize: alianza mwaka gani, aliuza kwa bei gani, nani walikuwa walaji wake, na nani hawakukubali kuketi kwake. Andika majibu yake pamoja na tarehe. Maofisa wa zamani waliandika taarifa zao, na taarifa hizo zimehifadhiwa katika makabati ya serikali. Waliowapikia hawakuandikiwa na mtu.